Chimbeni Kwanza, Ramani Baadaye

Wadogo zangu mlioanza kazi ya kupima kama ardhi inafaa kwa miti ya kuni na mkaa, nimesoma ripoti zenu za Bagamoyo. Mmejituma, nami nawapenda kwa hilo. Lakini kosa la kila mwaka limerudi, na masika hayasubiri.

1. Msipige wastani wa vigezo. Madaraja tunayotumia, kuanzia S1 (panafaa sana) na S2 (panafaa kiasi) hadi N (hapafai), yametoka kwenye mwongozo wa 1976 wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na kazi yake ni kuonyesha kinachobana. Ninyi mnaipa mvua S1, mteremko S1, kina cha udongo N, kisha mnajumlisha na kugawanya hadi ipatikane S2. Hiyo S2 haipo shambani. Kina kikiwa N, eneo lote ni N.

Njooni niwaonyeshe shamba moja upande wa Msata. Mzee mmoja alipandishwa mijohoro pale kwa tathmini ya namna hii. Mwaka wa kwanza ilistawi, kila mtu akafurahi. Masika ya pili majani yakapauka, kisha matawi ya juu yakakauka. Tulipochimba pembeni ya mti mmoja, juu kulikuwa na mchanga laini, jembe linazama lenyewe. Chini kidogo ya goti tukakuta mfinyanzi wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, mgumu kama tofali. Mzizi mkuu ulikuwa umefika hapo ukakunja, ukaenda pembeni. Madoa yale yanasema maji husimama humo kila msimu, na mjohoro hauvumilii maji yaliyotuama. Aliyepima alichota udongo wa sentimita 30 za juu, akapeleka maabara, akaishia hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa akilima mpunga palepale. Mpunga, jamani! Angeulizwa tu, "Baba, hapa ulikuwa unapanda nini?" mijohoro isingeingia. Yeye ndiye aliyekosa mpunga, akakosa na kuni.

2. Wastani wa mvua wa mwaka hautoshi. Tazameni masika na vuli kila moja peke yake, na urefu wa kiangazi kinachofuata masika.

3. Mita 60 kutoka mtoni zitoeni kwenye ramani mapema. Sheria ya Mazingira ya 2004 iko wazi.

4. Acheni kuandika "pori tupu". Kina mama wanaokota kuni humo, wafugaji wanapitisha ng'ombe, na mkorosho mmoja uliosimama peke yake una mwenyewe. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, mwombe kuona mpango wa matumizi ya ardhi, kisha tembeeni na mtu aliyezaliwa hapo.

5. Pimeni kwa mti unaotajwa, si kwa "miti". Anayetaka kukata na kungoja machipukizi hafai kupewa mvinje, maana hauchipui vizuri, mjohoro unachipua. Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 ni miche 1,600 kwa hekta, na miche ni hela ya mtu.

Mnaokwenda Miono, bebeni sururu na tepu. Chimbeni mita moja na nusu, juu ya mteremko na bondeni pia. Nitumieni picha za mashimo, tepu ikionekana, kabla hamjapaka rangi ramani yoyote.