Wasomaji Wanauliza: Ndege Wanne wa Pemba

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Jamaa zangu tunaoswali msikiti mmoja wameniandikisha katika msafara wa watu kumi na wawili watakaokwenda Pemba kwa siku nne kutazama ndege, wakiongozwa na kijana ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Ratiba nimeisoma, na kubwa linalotajwa humo ni ndege wanne tu. Je, mtu avuke mpaka na bahari kwa ajili ya ndege wanne, ilhali hapa kwetu ukifungua dirisha unawaona mia? Tena usiku wa pili watakwenda msituni kumtafuta bundi, na shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, amenikataza kabisa. Isitoshe, sijawahi kushika darubini maishani mwangu.
Mwalimu Mstaafu, Kisauni

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hao mia wa dirishani, bila shaka wengi wao ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, ambaye hata si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akaonekana Mombasa mwaka 1947, na kwa kuwa hula mayai na makinda ya ndege wadogo, mtoto wa mjini siku hizi anaweza kukua bila ya kumjua chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua.

Ama hao wanne wa Pemba, hawapatikani mahali pengine popote duniani: ninga wa Pemba, yaani njiwa wa kijani, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Sababu yake iko chini ya maji. Enzi ya barafu, bahari ilipopungua, Unguja iliungana na bara na viumbe vikapita kwa miguu na kwa mabawa. Lakini mkondo ulio baina ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo Pemba ilibaki kisiwa, na ndege waliokuwa wamefika huko wakaendelea kubadilika peke yao, kizazi baada ya kizazi, hata wakawa jamii zao wenyewe. Kisiwa hakina orodha ndefu ya ndege, na anayekwenda kwa kuhesabu atarudi amenuna. Nenda kwa ajili ya hao wanne, uwatazame hasa.

Wawili hawatakupa taabu. Kinengenenge, wa manjano mwenye duara jeupe kulizunguka jicho kana kwamba amevaa miwani, utamkuta katika mlimau wa uani kabla hujamaliza chai yako ya asubuhi. Chozi naye hushinda kwenye maua, na dume lake humetameta kijani na zambarau likipigwa na jua. Ninga ndiye wa kudamkiwa. Ana kichwa na kifua cha kijivu na mgongo wa kijani, naye hula matunda juu ya miti mirefu, akitulia kimya hata ukadhani ni jani. Mahali pazuri pa kumtafuta ni Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, baada ya Konde.

Hapo ndipo idadi yenu inaponitia wasiwasi. Njia za msituni ni nyembamba, watu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, na katika mstari wa watu kumi na wawili wale watano wa mwisho hutazama visogo vya wenzao. Mwambieni kijana mapema awagawe makundi mawili, moja liingie alfajiri na jingine jioni, hata kama italazimu kumlipa mwenyeji wa huko asaidie kuongoza. Kisha mfundishane kuelekeza. Nimewahi kusimama chini ya mti mmoja na watu wanane, mmoja wao akipaza sauti “Pale! Pale!” na kunyoosha mkono, na ninga akaruka kabla yeyote kati yetu hajajua pale ni wapi. Neno “pale” lipigwe marufuku. Aliyeona aseme kwa sauti ya chini: “Mti uliogawanyika shina, tawi la kushoto, theluthi ya juu, nyuma ya jani kavu.” Wewe uliyesomesha watoto kusoma ramani utalifanya hili vizuri kuliko wote.

Darubini isikutishe. Tafuta iliyoandikwa 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Ile ya mara kumi na mbili wanayoisifu madukani hutetemeka mkononi, na msituni inakuwa na giza. Ukiwa unavaa miwani, vikombe vya mpira vya kuwekea macho vizungushe viingie ndani. Ukishamwona ndege kwa macho, usiyaondoe kwake. Ipandishe darubini mpaka ikute macho yako. Wengi huinama kuitazama darubini kwanza, na wakiinua kichwa mti wote umekuwa mgeni. Jizoeze wiki mbili kwa hao hao kunguru.

Kuhusu bundi, sitambishia shangazi yako, kwani ni wengi waliolelewa wakiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba. Mpelekee tu habari hizi: bundi wa Pemba ana urefu wa kama sentimita 20, hafikii rula yako ya darasani, chakula chake hasa ni wadudu, na huishi hata katika mashamba ya mikarafuu, jirani na watu wanaomsikia miaka yote. Mlio wake ni “hu” moja, kisha kimya, kisha “hu” nyingine, na pengine mwenzake humjibu kutoka mti wa pili. Shangazi akishikilia neno lake, baki nyumba ya wageni na roho yako safi, maana watatu si haba.

Kwa safari yenyewe, chukua pasipoti, ingawa Mkenya hahitaji viza, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mkipitia mpaka wa Lunga Lunga hadi Tanga, hakikisheni siku ya meli kabla ya kuondoka, kwa sababu haivuki kila siku. Juni hadi Agosti kusi huichafua bahari. Mimi ningengoja kaskazi, Desemba hadi Februari, ambapo pia utakuta pwani ndege wageni wa kutoka Ulaya na Asia. Hao watazameni maji yakianza kujaa, si yakiwa yamekupwa, kwani maji yanayopanda huwasukuma karibu na mtu aliyekaa kimya.

SWALI: Mwaka jana nilisafiri na kikundi hadi kisiwa kimoja. Mwongozaji wetu alikuwa na sauti za ndege katika simu, akaipiga ya ndege mmoja mfululizo, karibu nusu saa, mpaka akaja, akawa anarukaruka juu yetu. Wenzangu walifurahi kwa picha. Mimi nilijisikia vibaya. Je, nilikosea?
Msomaji, Likoni

JIBU: Hukukosea, dada. Ndege akisikia sauti ya mwenzake huamini kwamba amevamiwa, kwa hiyo huacha kula, na pengine huacha mayai yake, aje kupigana na mtu asiyekuwepo. Nusu saa ni mateso, hasa kisiwani, ambako hao hao wachache huitwa tena na kundi la wiki inayofuata. Sipingi sauti kupigwa mara moja au mbili, kwa sekunde chache, kisha simu ikarudi mfukoni, ila wakati wa kutaga isipigwe kabisa. Safari nyingine, kabla hujatoa hata shilingi, muulize mwongozaji hupiga sauti mara ngapi, na tochi humwelekezea bundi kwa muda gani. Akicheka swali lako, tafuta mwingine.