Kuvalisha boti ya faiba: swali kutoka Pangani

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya faiba ya futi 23, ya zamani, ilikuwa imelala ufukweni hapa Pangani zaidi ya mwaka. Nataka kuirudisha kwenye kazi ya mishipi na nyavu. Mashine yangu ni HP 40. Nikiiwasha, ukuta wa nyuma unacheza, na kuna nyufa kama utando wa buibui kuzunguka boliti. Chini ina malengelenge, na ni nzito kuliko boti za wenzangu za ukubwa huohuo. Fundi wa hapa anasema tuivalishe faiba mpya yote kwa nje, mati mbili (mikeka ya nyuzi za faiba), kisha puti na rangi, siku tatu tumemaliza. Naomba unipigie hesabu ya resini, ile gundi ya kuloweshea mati, na hadina, dawa ya kuikausha, na uniambie mati mbili zinatosha au tuweke tatu?

JIBU: Marahaba. Hesabu ya resini utaipata, ila si ya kazi hiyo uliyoitaja. Swali la mati mbili au tatu naletewa kila mara, na kila mara anayeuliza keshashawishiwa na mtu aliyekuja na ndoo ya puti na brashi. Kuvalisha! Neno lenyewe linaniudhi. Boti si bi harusi.

Tulimalize kwanza hili la kwamba faiba haiozi. Kweli, haiozi, na ndiyo maana watu wa pwani tumeipenda: hakuna kalafati ya kuziba nafasi za mbao, hakuna kupaka sifa (mafuta ya papa), hakuna mdudu wa kutoboa mbao. Lakini boti yako si faiba tupu. Ukuta wa nyuma una plaiwudi katikati. Sakafu aghalabu ni plaiwudi. Ile miti mirefu iliyolala chini ya sakafu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mara nyingi ni mbao iliyofunikwa faiba juu. Na mbao iliyofungiwa humo ina hali mbaya kuliko mbao ya jahazi, kwa sababu ya jahazi inapata hewa. Maji yanaingia kwenye tundu la boliti lililozibwa na silikoni miaka mingi iliyopita, halafu hayana pa kutokea. Boti yako imelala mwaka mzima, masika yote imekunywa mvua, na maji ya mvua yanaozesha mbao kuliko maji ya chumvi.

Kosa hili nadhani tumelirithi kwenye vyombo vya mbao. Jahazi likivuja unaliziba kwa nje, ukilishusha majini mbao zinafura, nafasi zinajifunga zenyewe, safari inaendelea. Mtu aliyekulia kwenye kazi hiyo anaamini dawa ya chombo iko upande wa nje. Kwenye faiba, nje ni mahali pa kusomea dalili tu. Zile nyufa za utando wa buibui ulizoziona hazijatokana na uzee wa jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa. Jelikoti ni ngumu, haipindi. Inapasuka kwa sababu kilicho nyuma yake kinapinda.

Ukuta wa nyuma ni ngozi mbili za faiba, na katikati plaiwudi ya milimita 36 au karibu na hapo. Mashine inaposukuma, ngozi moja inavutwa na nyingine inabanwa. Kazi ya plaiwudi ni kuziweka mbali, na umbali huo ndio nguvu yenyewe: ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Plaiwudi ikigeuka uji, ngozi zile haziko pamoja tena, kila moja inapinda peke yake. Sasa, mati moja ya gramu 450 ikishakauka ina unene wa kama milimita moja. Fundi wako anataka kuziba upungufu wa milimita 36 kwa milimita mbili. Ukiweka tatu, ni milimita tatu. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Na hizo mbili zenyewe zitashika nini? Faiba ya zamani imeshakauka siku nyingi. Resini mpya haiyeyuki ikaungana nayo, inaishika kwa mikwaruzo tu. Ukiiweka juu ya rangi inashika rangi. Ukiiweka juu ya mafuta ya samaki inashika mafuta ya samaki. Nimewahi kuletewa boti iliyovalishwa miezi minne tu nyuma. Niliingiza bisibisi pembeni na ngozi mpya ikatoka vipande vikubwa, kama ganda la muhogo uliochemshwa, na chini yake rangi ya buluu ya zamani ikang'aa bila hata mkwaruzo. Mwenye boti alikuwa ameshalipia kazi hiyo mara mbili, kwa watu wawili tofauti. Mashine ilikuwa imeng'oka na boliti zake katikati ya safari, ikabaki inaning'inia kwa kamba. Bahati yake alikuwa na ile kamba.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Palipo pazima panalia kwa ukali, palipooza panajibu kwa sauti nzito ya kufa. Kisha chukua keekee na biti ya milimita 5, toboa kutoka ndani, juu na chini, kulia na kushoto, na hasa chini ya boliti na karibu na tundu la kutolea maji. Usitokeze nje. Tazama unga unaotoka. Mweupe na mkavu, shukuru. Mweusi, uliolowa, wenye harufu ya uozo, ujue plaiwudi imekwisha. Fanya hivyohivyo kwenye miti ya chini ya sakafu. Halafu kata dirisha dogo la sakafu karibu na ngama, pale chini maji yanapokusanyika, uingize mkono kwenye foamu ya kuelesha boti. Ukiifinya ikatoa maji, umepata jibu la kwa nini boti ni nzito: kila lita ya maji ni kilo moja unayoibeba na kuichomea petroli kila siku.

Kama ukuta umeoza, na kwa dalili ulizonipa sina shaka sana, unakata ngozi ya ndani ukiacha ukingo wa sentimita saba au nane pande zote, unachimba plaiwudi yote. Nasema yote. Anayekuambia abakishe kipande "bado kizima" anabakisha mbegu. Suuza kwa maji ya bomba mara kadhaa, maana chumvi inavuta unyevu, kisha acha pakauke. Si siku moja. Ipandishe boti juu wakati wa bamvua (maji makuu) ili maji yasiifuate, ifunike isinyeshewe, upepo upite. Kujua kama pamekauka, bandika kipande cha nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache juani mpaka kesho yake. Kukiwa na umande kwa ndani, endelea kusubiri. Januari na Februari, kaskazi ikiwa imetulia, ndio wakati wangu wa kazi hii. Wakati wa masika siigusi, hata mtu akija na pesa mkononi.

Plaiwudi mpya iwe ya majini, vipande viwili vya milimita 18. Usiweke ubao mzima wa mvule, hata kama ni mzuri kiasi gani kwa jahazi: ubao mzima unafura na kusinyaa kwa upana na utabandua faiba. Lowesha plaiwudi kwa resini pande zote na hasa kwenye kingo, ilaze kwenye resini iliyokolezwa kwa nyuzi fupi za faiba, ibane mpaka ujiuji utokeze pande zote. Kona zijazwe ziwe mviringo, kwa sababu mati haipendi pembe kali, inaacha hewa. Kisha mati nne zikipanda ubavuni sentimita 15 hadi 20. Ngozi ya zamani iparuzwe kwa msasa namba 40 mpaka mng'ao uishe, ndipo uifute kwa asetoni.

Sasa matundu ya boliti, ambako ndiko ugonjwa ulikoingilia. Boliti ikiwa ya milimita 12, toboa milimita 20, jaza epoksi (resini ya aina nyingine) iliyokolezwa, ikikauka toboa upya milimita 13 katikati yake. Boliti haitagusa mbao tena. Mafundi wanaruka hatua hii kwa sababu inachukua siku moja zaidi na haionekani kwenye picha.

Hesabu yako: ukuta wa mita 1.5 kwa 0.6 ukijumlisha na ubavuni unakula kama kilo 2 za mati. Mati inakunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, hizo kilo 5. Weka nyingine 4 za plaiwudi na kona. Nunua kilo 10. Kuvalisha boti nzima ungenunua ngapi? Chini na ubavuni ni kama mita za mraba 16. Mati mbili ni kilo 14, resini kilo 36. Jumla kilo 50. Yaani ungelipa pesa ili ubebe mfuko wa saruji maisha yako yote, juu ya mbao zilizooza.

Hadina ya resini hii ya kawaida, poliesta, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito: gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini. Kwa joto letu anza na 10. Watu wanaamini ukizidisha inakuwa ngumu zaidi. Inakuwa ya moto zaidi, inafuka moshi kwenye kopo, inapasuka. Ukipunguza chini ya 10 haikauki kabisa, inabaki laini kama halua. Pima kwa mizani au sindano, kifuniko cha chupa si kipimo. Na vaa miwani, tone moja la hadina linaweza kukupofusha. Wapo pia wanaozimua resini kwa asetoni ili kilo tano zifanye kazi ya saba. Inateleza vizuri kwenye brashi, na inakauka dhaifu. Na puti ya magari ni ya magari: inanyonya maji, hivyo chini ya mstari wa maji haina kazi.

Malengelenge ni jambo dogo kuliko unavyoogopa. Toboa moja ukiwa na miwani. Likitoa maji makali yenye harufu ya siki, paruza jelikoti pale, suuza, kausha kwa wiki kadhaa, jaza na upake epoksi. Kumbuka tu, ukishapaka epoksi usirudi na poliesta juu yake, haishiki vizuri. Ikiwa ni rangi tu iliyovimba, kwangua, basi.

Foamu sikuitaja kwa ajili ya petroli peke yake. Mtumbwi ukijaa maji unaelea, watu wanaushika mpaka waokolewe. Faiba ni nzito kuliko maji. Boti ya faiba ikijaa na foamu yake imelowa, inakwenda chini na mashine na kila kitu, na hakuna wa kushika chochote. Sijui kwa nini jambo hili halizungumzwi pale watu wanapobadilisha ngalawa kwa faiba na kuona wamepanda daraja. Nawaheshimu wavuvi wanaofunga madumu ya lita 20 yaliyozibwa vizuri chini ya sakafu, kila moja linabeba karibu kilo 20, kuliko fundi anayeziba foamu iliyolowa kwa mati mpya na kuiita boti imara. Na nyote mnaotafuta boti za mkono wa pili: iliyopakwa rangi mpya wiki ya kuuzwa, mwombe muuzaji ruhusa ya kutoboa tundu moja la milimita 5 kwa ndani. Akikataa, hiyo rangi umeshajua imefunika nini.

Wewe, huyo fundi wako wa siku tatu mpe biti hiyohiyo. Atoboe mbele yako, kabla hujampa malipo ya awali.