Mwalimu, mbona jiwe langu linabembea haraka?

Barua nne nimezijibu hapa. Iliyoanza ndiyo iliyonishika zaidi, kwa sababu aliyeiandika alipima mwenyewe kabla ya kuuliza.

Mwalimu, nimefunga jiwe kwa uzi wa sentimita 50, nikalihesabu likibembea mara 20. Saa ya simu ilisoma sekunde 14.2, lakini fomyula inatoa mara mbili ya hapo. Uzi wangu una kasoro? (Kidato cha Tatu, Maseno)

Uzi ni mzima. Ulihesabu kwenda kuwa mara moja, na kurudi kuwa mara nyingine. Mara moja kamili ni jiwe kuondoka ulipoliachilia, kufika upande wa pili, kisha kurudi palepale. Gawanya 0.5, yaani urefu wa uzi kwa mita, kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 6.28, yaani pai mara mbili. Utapata sekunde 1.42, yaani 28.4 kwa mara 20. Nusu yake ni 14.2 zako hasa, nami nimefurahi kweli, maana mkono wako ulipima sawasawa.

Ukirudia, pima urefu hadi katikati ya jiwe, usiishie kwenye fundo. Usilivute zaidi ya digrii 10. Na unapobonyeza saa, tamka "sifuri". Wanafunzi wangu wengi huanza na "moja", wakafika ishirini jiwe likiwa limebembea mara 19.

Baba ni mwendesha boda Kondele. Nilipotafuta kasi ya juu kabisa ya kukata kona bila kuteleza, masi ya pikipiki ilijifuta yenyewe kwenye hesabu. Nimekosea wapi? (Kisumu)

Hujakosea. Kinachoivuta pikipiki kuelekea ndani ya kona ni msuguano wa tairi na lami. Ukiongeza mzigo, tairi inakandamiza lami zaidi na msuguano unakua, lakini kani inayohitajika kukata kona nayo inakua kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana masi inatoka pande zote mbili.

Chukua kona bapa yenye nusukipenyo cha mita 20. Kigawe cha msuguano, yaani namba inayoonyesha tairi linavyoishika lami, kikiwa 0.7 kwenye lami kavu, zidisha 0.7 kwa 9.8 kwa 20, kisha tafuta kipeuo cha pili: mita 11.7 kwa sekunde, kama kilomita 42 kwa saa. Mvua inyeshe, kigawe kishuke hadi 0.4, mwisho ni kilomita 32. Msomee baba hesabu hii leo jioni. Mwambie hapo ndipo tairi linapoanza kuteleza, kwa hivyo akate kona akiwa chini kabisa ya hapo. Tena asibebe abiria wawili eti kwa kuwa masi imejifuta: pikipiki iliyolemewa ni ngumu kuitawala.

Msuguano si hupinga mwendo siku zote? Ndivyo nilivyomwambia mtoto. (Mzazi, Nakuru)

Hapana, mzazi. Hupinga nyuso mbili kuteleza moja juu ya nyingine. Unapotembea, unyayo unasukuma ardhi nyuma, na msuguano unakusukuma wewe mbele. Ndiyo maana kwenye tope unakanyaga na husongi.

Tulibingirisha gogo la mviringo na pete ya bomba kwenye ubao ulioinama. Zina uzito sawa, lakini gogo lilishinda kila mara. Si vitu vyote huanguka sawa? (Kakamega)

Vikianguka tu bila hewa kuvizuia, ndiyo. Vikibingirika, nishati inagawanywa: nyingine ya kusonga, nyingine ya kuzunguka. Masi ya pete iko yote ukingoni, mbali na kitovu, kwa hivyo nusu nzima ya nishati inaishia kwenye kuzunguka. Gogo linatumia theluthi moja tu. Kwa ubao wa mita 2 ulioinuliwa sentimita 20 upande mmoja, gogo litafika chini kwa sekunde 2.5 hivi, pete kwa 2.9.

Sasa leteni gogo jembamba na gogo nene. Vitafika pamoja, maana unene hauingii kwenye hesabu. Kisha ongezeni gololi. Itavipita vyote, kwa sababu kuzunguka kunaichukulia sehemu 2 tu kati ya 7.