Kopo linalokwambia uvue pete

Assalaam alaykum. Mdogo wangu uliyeuliza jana kuhusu krimu ya kung'arisha uso uliyopewa na somo wako anayekufunda, harusi ikiwa imebaki miezi miwili: umesema umesikia ina zebaki, na kwamba zebaki si ni mambo ya wachimba dhahabu wa Bara. Ukauliza pia kama na papa tuache kula. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, na nakuomba usome mpaka chini kabla hujapaka usiku wa leo.

Mwaka 2016 nilikuwa Wete, tunamwoza mdogo wangu. Nilivuka kwenda Unguja kufuata nguo, nikanunua kikopo Darajani. Muuzaji akaniambia wiki tatu tu nitaona mwenyewe, na kweli niliona. Uso ulitakata, kila mtu ananiuliza napaka nini. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi, na mstari mmoja niliutii bila kujiuliza: isigusane na dhahabu wala fedha. Basi kila usiku nikivua pete ya ndoa na bangili mbili za marehemu mama, naziweka kwenye kisahani juu ya kabati, ndipo napaka. Kitu kisichotakiwa kugusa bangili nilikuwa nakisugua shavuni.

Mwezi wa tano nikaanza kuamka macho yamevimba. Kisha miguu: nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Haja ndogo ikawa na povu kama la sabuni, halitulii. Kituo cha kwanza nilikatazwa chumvi nikapewa dawa za kutoa maji, hakuna aliyeniuliza zaidi. Daktari wa pili, mama wa makamo, alisoma majibu ya mkojo, protini imejaa, akanitazama uso halafu akanishika mkono. Uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi. Akasema, "Mwanangu, unajipaka nini?" Nikamweleza yote mpaka habari ya pete. Aliposikia pete aliweka kalamu chini.

Hiyo pete ndiyo jibu lako. Zebaki ikikutana na dhahabu hushikana nayo. Ndiyo maana wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaichanganya na mawe yaliyosagwa: inanasa chembe za dhahabu, linakuwa donge, donge linachomwa, zebaki inapaa mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke ule anauvuta anayechoma na watoto wanaocheza karibu, na unaobaki unakwenda na upepo, unashuka na mvua mitoni na baharini. Hakuna kazi ya binadamu inayotoa zebaki nyingi hewani kuliko hiyo. Kwenye krimu wanatia chumvi ya zebaki kwa sababu inaizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Inapenya, inaingia damuni, inakwenda kukaa kwenye mafigo. Tena haiishii kwako. Inabaki kwenye taulo na foronya, na mtoto unayemlaza kifuani anaipata.

Niliacha siku ile ile. Protini ilichukua miezi kushuka, na mabaka usoni hayajaisha mpaka leo. Alhamdulillah nilipona, lakini si kila figo hurudi.

Kuhusu papa, hapo zebaki ni ya namna nyingine, na hiyo hupiga ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Japani, mji wa Minamata, kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki kwenye ghuba tangu 1932 mpaka 1968. Watu wa pale ni wavuvi kama sisi, kitoweo chao ni bahari. Paka walianza kutetemeka na kuanguka, kisha watu. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Kinachoniumiza mimi ni wale kina mama walioonekana wazima, wakazaa watoto walioharibika viungo na akili. Samaki mdogo anakuwa nayo kidogo, mkubwa anakula wadogo wengi, inajilimbikiza. Kwa hiyo ukitaka kushika mimba baada ya harusi, papa na nduaro viache, hata akiwa ng'onda, maana kukausha na kupika hakuitoi. Kula dagaa, vibua, changu. Samaki usiache, mtoto anamhitaji.

Jina la mji huo ndilo lililopewa mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki. Ulipitishwa Japani Oktoba 2013, ukaanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Unagusa migodi, vipimajoto, taa, na hizi krimu zetu. Mwanzo ulikataza krimu zinazozidi miligramu moja ya zebaki kwa kilo. Mwaka 2023, Geneva, nchi zikakubaliana kuondoa hata kiwango hicho: isiwemo kabisa kwenye vipodozi kufikia 2025. Mimi naona ni jambo kubwa. Lakini mkataba haufungui mkoba wa mtu anayeshuka bandarini, na kopo lako limefika chumbani kwako.

Basi lisome. Ukiona neno linaloanza na mercur, au calomel, au herufi Hg, au limekwambia uvue dhahabu, acha. Lisipoandika kitu usitulie, wengi hawaandiki. Usilitupe jaani wala usimwachie wifi yako amalizie. Lifunge vizuri, nenda nalo spitali uwaonyeshe, waambie wapime protini kwenye mkojo. Mimi langu nilikuwa nimeshalitupa, daktari akabaki kubahatisha. Miezi miwili yatosha kwa liwa na singo ya mawaridi, umwambie somo hivyo kwa adabu, naye hakukusudia baya.

Umepaka wiki ngapi mpaka leo? Na asubuhi ukiamka, macho yakoje? Nijibu hapa hapa.