Kundi kubwa kwenye mgahawa mdogo: ongeeni na jiko kabla ya kukaa mezani

Mkuu, umeuliza kama kundi lenu la watu 26 linaweza kula kwenye migahawa midogo ya wenyeji huko mnakokwenda, au mfuate tu ratiba ya waandaaji inayowarudisha hotelini kila mlo. Nendeni kwa wenyeji. Nimeongoza vikundi vya safari kwa muda mrefu, na milo ambayo watu wanaisimulia miaka ikishapita ni ya mtaani, sijawahi kusikia mtu akisimulia ya hotelini. Ila msiingie kwa kushtukiza.

Wengi wanadhani shida ni viti. Viti vinapatikana, meza zinaunganishwa, wengine wanakaa nje. Shida iko jikoni. Chukulia jiko linaloweza kupika sahani nne kwa mkupuo, kila mkupuo dakika kumi. Watu 26 wakiagiza kila mmoja chake, hiyo ni mikupuo saba, dakika sabini, na hapo hujawahesabu wateja mliowakuta. Wa kwanza ameshamaliza kula na anaulizia gari, wa mwisho chakula chake hata hakijawekwa motoni. Mnaondoka mkisema mgahawa ni mbovu, kumbe ungewalisha vizuri kabisa kama mngeuomba kitu unachokiweza.

Chakula cha sufuria hakina shida hiyo. Kilichopikwa kwa wingi kinapakuliwa kwa watu 26 ndani ya muda mfupi, na mara nyingi ndicho ambacho mkono wa mpishi umekizoea, kwa sababu anakipika kila siku. Kwa hiyo tangulizeni mtu. Siku moja kabla, kwenye ile saa iliyopoa kati ya mlo wa mchana na wa jioni, mmoja au wawili waende, wale pale, kisha waombe kuongea na mwenye jiko. Mhudumu wa mlangoni hatoshi, maana yeye kazi yake ni kukubali wateja. Waulize: "Hapa mnapika nini kwa wingi?" Chagueni vitu viwili, vikizidi vitatu, basi.

Kuna mama mmoja mpishi alipoulizwa hivyo hakujibu kwanza. Alituita nyuma, akashusha sufuria kubwa kuliko zote, akaweka kiganja ndani kuonyesha mchuzi utafika wapi. Halafu akafungua kabati, akaanza kuhesabu sahani moja moja kwa kidole. Chakula kingetosha, sahani zilipungua. Akapanga mwenyewe kwamba tuje kwa awamu mbili, wa kwanza wakinyanyuka vyombo vioshwe, wa pili wakae. Ule mlo ulikwenda vizuri kwa sababu ya hizo dakika chache mbele ya kabati. Hakuna menyu itakayokuambia mgahawa una sahani ngapi.

Mkishakubaliana, lipeni malipo ya awali hata akiwa hajayadai. Ananunua vitu kwa ajili yenu, na msipotokea hasara ni yake peke yake. Muulizeni pia wateja wake wa kila siku wanajaa saa ngapi, nanyi mje kabla au baada ya hapo. Hili nalisisitiza sana. Watu wanaokula pale mwaka mzima wasikose nafasi kwa sababu ya wageni wa siku moja.

Kama hakuna muda wa kutanguliza mtu, gawanyikeni. Watu sita au saba kila kundi, migahawa tofauti ya mtaa uleule, mnakubaliana saa na mahali pa kukutana. Kila kundi liwe na mtu mwenye simu inayopatikana na fedha taslimu ya nchi ile. Binafsi napenda njia hii hata muda ukiwepo, kwa sababu watu saba wanakuwa wateja wa kawaida, wanaweza kuagiza watakacho na hata kupiga soga na mwenye mgahawa. Wazee na watoto wawekwe kwenye kundi linalokwenda karibu zaidi.

Umesema watatu hawali nyama na mmoja ana aleji ya karanga. Hayo ni mambo mawili tofauti, usiyataje kwa pumzi moja. Asiyekula nyama anapangiwa chakula chake, yameisha. Mwenye aleji anaweza kudhurika kwa kijiko kilichotoka kwenye sufuria nyingine au mafuta yaliyokaangia karanga, na kupika hakuondoi hatari hiyo. Andika kwenye karatasi, kwa lugha ya wenyeji, kwamba karanga zinaweza kumuua, mwenyewe aipeleke jikoni aone mpishi anaisoma. Jibu likiwa la kusitasita, huyo ale kwingine siku hiyo, tena asiende peke yake. Dawa yake ya dharura ikae mfukoni, siyo kwenye begi lililobaki garini.

Kuhusu kuchelewa: gari likikwama, pigeni simu mgahawani mara moja. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60. Mpishi akijua mmechelewa atakiacha motoni au atachelewesha kupakua. Asipojua atapanga kila kitu mezani kwa heshima yenu, kisubiri. Mkikuta kimepoa, ombeni kipashwe hadi kichemke. Hakuna atakayechukia.

Bili iwe moja. Kusanya fedha za watu garini kabla hamjashuka, mtu mmoja alipe, wanaotaka vinywaji vya ziada walipe vyao papo hapo. Muulize mapema kama wanatoza ada ya huduma kwa makundi, kwa kuwa ipo migahawa inayoiweka moja kwa moja kwenye bili, na usipoiona utatoa bakshishi juu yake. Kama haimo, bakshishi mpe mhudumu mkononi, na nyingine pita nayo nyuma kwa mpishi na anayeosha vyombo.