Jibu: Kuonja mvinyo wa Dodoma, tuko wanane

Mkuu, umeuliza mnunue chupa ngapi na muanze na ipi. Sita zinatosha, moja kwa kila aina. Chupa ya mililita 750, ukimimina mililita 50 kwa kila mtu, inatoa glasi 15, kwa hiyo wote mnaonja na ya kurudia inabaki. Glasi isipite theluthi, la sivyo huwezi kuizungusha harufu ipande.

Anzeni na mweupe mkavu, yaani usio mtamu (zabibu aina ya Chenin Blanc), kisha myekundu mikavu, Makutupora na Syrah, mmalizie na mtamu kama Dompo. Mkianza na mtamu, mkavu wowote utaonekana mchachu na mtaulaumu bure.

Wengi huharibu kwenye joto. Mwekundu unataka nyuzi 16 hadi 18, na sebule ya Dar mchana inafika 30. Hapo pombe inapiga puani na matunda huyasikii. Uwekeni kwenye friji kama saa moja na nusu kabla. Mweupe saa tatu nzima.

Ndoo ya kutemea iwepo, msione haya. Aina sita ni mililita 300 kwa kila mtu, na dereva anatema kila funda. Mezani mkate mtupu na maji tu; nyama choma na pilipili baadaye. Manukato marufuku siku hiyo.

Chupa ya kizibo cha gome la mti ikinuka boksi lililoloa, tatizo ni kizibo, si zabibu. Kuiacha wazi hakusaidii, irudisheni dukani.