Sarafu mbili, matokeo mangapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tatu. Tumepewa swali: ukirusha sarafu mbili za shilingi 200 za Tanzania, zenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili, kuna uwezekano gani wa kupata Karume mmoja na simba mmoja? Mimi naona matokeo ni matatu tu: Karume wawili, simba wawili, au mmoja mmoja. Kwa hiyo 1/3. Nyuma ya kitabu wameandika 1/2. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu kiko sahihi, ila swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mwaka 1754, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, d'Alembert, aliandika katika Encyclopédie, ensaiklopidia ya Kifaransa, kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Jibu sahihi la swali hilo ni 3/4. Naye alihesabu matokeo matatu, akayapa uzito sawa.

Weka kando sarafu moja, chukua ya shilingi 50, yenye Mwinyi upande mmoja na faru upande wa pili. Sasa rusha zote mbili. Utapata Karume na Mwinyi, au Karume na faru, au simba na Mwinyi, au simba na faru. Ni manne, na hakuna lenye sababu ya kutokea zaidi ya jingine, kwa hiyo kila moja ni 1/4. Kiongozi mmoja na mnyama mmoja wanapatikana kwa njia mbili: 2/4, yaani 1/2. Ukirudisha ile ya 200, njia hizo mbili zinafanana machoni pako, lakini bado ni mbili.

Kanuni ya kugawa matokeo unayoyataka kwa matokeo yote inafaa pale tu matokeo yote yana nafasi sawa. Vitabu vingi huligusa sharti hili kwa mstari mmoja na kupita, na hilo linanisikitisha, maana wanafunzi wengi hupotezea alama hapo hapo. Wachezaji wa ludo wanalijua kwa mikono: kwa dadu mbili, jumla ya 7 ina njia 6 kati ya 36, jumla ya 12 ina moja tu.

Usiniamini bure. Rusha na mwenzako mara 100, mwandike kila tokeo. Mmoja mmoja itakuja karibu mara 50, si 33. Kisha ongezeni sarafu ya tatu, mtafute uwezekano wa Karume wawili na simba mmoja. Mkiorodhesha yote 8, mtapata 3/8.